Tisa ziliondoka, mbili zikafika: majibu yetu kuhusu msafara wa TM 1

Mwezi uliopita ukurasa huu uliutaja kwa mistari michache msafara wa TM 1: meli tisa za mafuta zilizong'oa nanga Trinidad tarehe 28 Desemba 1942 zikielekea Gibraltar, saba zikazamishwa na nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki, mbili zikafika. Barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua zile zinazogusa kiini cha jambo.

Ndugu mhariri, meli tisa tu, na manowari nne za kuzilinda. Kwa hesabu ya kawaida huo si ulinzi mdogo. Walikosea wapi? — Msomaji, Tanga

Ndugu msomaji, tuanze na haja yenyewe. Majeshi ya Marekani na Uingereza yaliteremka Afrika Kaskazini tarehe 8 Novemba 1942, na tangu siku hiyo vifaru, malori na ndege zao zilidai mafuta bila kupumzika. Mafuta yalitoka Karibi, kwenye viwanda vya kusafishia vya Trinidad, Aruba na Curaçao. Njia fupi ilikuwa kuikata Atlantiki moja kwa moja hadi Gibraltar. Walinzi walikuwa destroya moja, Havelock, na korveti, yaani manowari ndogo za kusindikiza, tatu zenye majina ya maua: Pimpernel, Saxifrage na Godetia. Hiyo ya mwisho iliendeshwa na mabaharia Wabelgiji.

Tarehe 3 Januari 1943 nyambizi U-514 iliukuta msafara kwa bahati tu, ikaipiga British Vigilance kwa topido, bomu linalojiendesha lenyewe majini. Meli ikawaka. Wenzake walilazimika kupinda usukani haraka wasiiparamie. Hasara ingeweza kuishia hapo, lakini habari ilifika kwa redio kwenye makao makuu ya Admiral Dönitz, mkuu wa nyambizi za Kijerumani, naye akalipeleka kundi la nyambizi lililoitwa Delphin, yaani pomboo, likae mbele ya njia ya msafara magharibi mwa visiwa vya Kanari.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Jioni ya 8 Januari U-436 ilizipiga meli mbili kwa pamoja: Oltenia II ikazama, na Albert L. Ellsworth ya Norwei ikaachwa na watu wake ikielea, hadi nyambizi ileile ilipoimalizia kwa mzinga siku ya pili. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 9, U-522 ikazipiga Minister Wedel na Norvik, na U-442 ikaipiga Empire Lytton. Usiku wa kuamkia tarehe 11 ikawa zamu ya British Dominion, iliyopigwa na U-522 na kumaliziwa na U-620. Tarehe 14 Januari Cliona na Vanja ziliingia Gibraltar. Hakuna nyambizi hata moja iliyozama katika mapambano hayo.

Sasa hesabu ya ulinzi. Chora duara kuuzunguka msafara, kutoka katikati hadi ukingoni kilomita 4. Mzingo wake ni kilomita 25 hivi. Asdiki, kifaa kinachopiga sauti majini na kusubiri mwangwi, katika hali nzuri kilishika kama kilomita 2. Kila manowari basi hulinda kilomita 4 za mzingo, mbili kila upande. Manowari nne hulinda 16. Zinabaki kilomita 9 wazi, na hapo tumekadiria kwamba kila kifaa kinafanya kazi na hakuna manowari iliyotoka mahali pake kwenda kuokota watu majini. Katika TM 1 walinzi walilazimika kutoka, maana nani mwingine angewaokota?

Lililo baya zaidi ni kwamba asdiki haikusaidia kitu usiku. Nyambizi za wakati ule zilishambulia usiku zikiwa juu ya maji, kama mashua nyeusi isiyo na taa. Hapo kinachoona ni rada, na rada za baadhi ya walinzi zilikuwa zimeharibika. Hata zikionwa, kuzikimbiza ni kazi nyingine: korveti ya aina ile ilikwenda maili 16 za baharini kwa saa, ilhali nyambizi ya aina ya VIIC ikiwa juu ya maji ilipita 17.

Tena kulikuwa na tatizo la mafuta ya walinzi wenyewe. Havelock na korveti hazikuweza kuvuka bahari ile yote kwa matangi yao na kubakiza akiba ya kupigania. Zilijazwa njiani: meli ya mafuta huburuta mpira mrefu unaoelea nyuma ya tezi, manowari huukamata kwa omo, huuvuta hadi sitahani, huunga, kisha zote mbili hushika mwendo mmoja na mwelekeo mmoja wakati pampu inafanya kazi. Mawimbi yakiwa makubwa mpira hukatika. Ndiyo maana mkuu wa walinzi alitaka kubaki kwenye maji tulivu, ingawa London ilishauri njia nyingine. Tunaona haifai kumtwisha mtu huyo lawama zote. Aliyepanga walinzi wanne wenye matangi madogo kwa safari ndefu hivyo ndiye aliyemfungia milango.

Baada ya hapo utaratibu ulibadilishwa. Mafuta ya Afrika Kaskazini yalianza kwenda kwa misafara ya OT yenye meli za kasi na walinzi wa Marekani, na yale ya Uingereza kwa misafara ya CU iliyotoka Curaçao. Na U-522, iliyofanya madhara makubwa kuliko zote katika TM 1, ilizamishwa tarehe 23 Februari 1943 kusini-magharibi mwa Madeira, ilipokuwa ikiufuata msafara mwingine wa meli za mafuta.

Nimesoma kwamba meli moja ya mafuta ilikuwa ya tani 8,000 na ilibeba tani 11,000. Mzigo umezidije meli? — Mwalimu, Morogoro

Ni tani mbili tofauti zenye jina moja. Tani 8,000 ni tani za grosi, nazo hazipimi uzito. Zinapima nafasi iliyofungwa ndani ya meli, kila tani moja ikiwa futi za ujazo 100, yaani mita za ujazo 2.83. Tani 11,000 ni uzito halisi wa mzigo. Meli ya mafuta karibu kila mara hubeba uzito unaozidi namba yake ya grosi.

Kwa tani za grosi, saba zilizopotea ni hizi: British Vigilance 8,093, Oltenia II 6,394, Albert L. Ellsworth 8,309, Minister Wedel 6,833, Norvik 10,034, Empire Lytton 9,807 na British Dominion 6,983. Jumla 56,453. Ukiona mahali pameandikwa kwamba "tani 56,000 za mafuta zilizama", mwandishi amechanganya vipimo. Mafuta yenyewe yalizidi hapo.

Na kwa aliyeuliza kuhusu jina: neno Empire mwanzoni mwa jina la meli lilionyesha kwamba ni mali ya serikali ya Uingereza wakati wa vita, ingawa kampuni binafsi ndiyo iliyoiendesha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Siwezi kuelewa: British Vigilance inapigwa na topido, inawaka, halafu mnasema bado ilielea wiki tatu. British Dominion nayo watu wake wengi waliangamia. Zote meli za mafuta. Tofauti iko wapi? — Msomaji, Mombasa

Fundi, swali lako ndilo lililotufurahisha kuliko yote, na jibu lake nusu unalo mkononi kila siku.

Anza na kuelea. Meli ya mafuta ndani si pango moja kama ngama ya meli ya magunia. Kuta mbili ndefu hutoka omo kuelekea tezi, na kuta nyingi huzikata kwa mapana, kwa hiyo kila safu ina matangi matatu: la kati, la kushoto na la kulia. Injini na boila ziko nyuma kabisa, zikitengwa na matangi kwa nafasi tupu iliyo kati ya kuta mbili, ili mafuta yakivuja yasifike kwenye moto. Katikati ya meli, juu, ndipo penye daraja la nahodha, na kutoka hapo hadi nyuma watu hupita kwenye kijia cha chuma kilichoinuliwa juu ya sitaha, kwa sababu meli iliyojaa sitaha yake husombwa na mawimbi.

Topido ya Kijerumani ilikuwa na kilo 280 za baruti. Ikilipiga tangi la pembeni lililojaa, inafungua tundu ambalo gari linaweza kupita. Chukua tangi la mita za ujazo 500 za petroli ya ndege. Uzito wa petroli hiyo ni tani 360 hivi. Hata ikimwagika yote na maji ya bahari yakachukua nafasi yake, maji hayo ni tani 512. Meli imeongezewa tani 150 tu. Tena mara nyingi haimwagiki yote, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji na ile iliyo juu ya tundu hubaki ikielea ndani ya tangi. Sasa linganisha na meli ya shehena kavu ambayo ngama yake imebakiza mita za ujazo 2,000 za hewa: topido moja, tani zaidi ya 2,000 za maji. Hiyo inazama kwa dakika chache. Meli ya mafuta iliyojaa imekwisha kujaa kimiminika. Bahari haina mahali pengi pa kuingia.

Isipokuwa mahali pamoja: nyuma. Chumba cha injini ndicho tundu kubwa la hewa katika meli nzima. Topido ikipiga hapo, watu wa zamu mara nyingi hawatoki, mvuke hukatika, pampu husimama, usukani hufa, na tezi huanza kushuka. Manahodha wa nyambizi walilijua hilo. Pigo jingine la kuogopwa ni lile linalolipuka chini ya mkuku katikati ya meli, ambalo huweza kuivunja mgongo.

British Vigilance iliachwa ikiwaka tarehe 3 Januari. Gofu lake lilielea hadi tarehe 24, lilipokutwa na U-105 na kuzamishwa.

Sasa moto. Wewe unajua kwamba dumu la petroli lililomwagwa lote ni la kuogopwa kuliko lililojaa, na ndiyo maana fundi mwenye akili hachomelei tangi tupu kabla ya kulijaza maji. Sababu ni mchanganyiko. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya sehemu 1.4 na 7.6 katika kila sehemu 100 za hewa. Chini ya hapo ni mwepesi mno, juu ya hapo ni mzito mno. Tangi lililojaa na kufungwa, nafasi ndogo iliyo juu ya petroli ina mvuke mzito mno usioweza kuwaka. Lakini topido hulipasua tangi, huchanganya mvuke na upepo, hurusha petroli hewani kama manyunyu, na hutoa cheche, yote kwa nukta moja. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo maji baridi ya bahari hayasaidii chochote. British Dominion ilibeba petroli ya ndege.

Mafuta mazito ya tanuri ni habari nyingine. Hayo hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapashwe joto kupita nyuzi 60. Ukiyadondoshea kiberiti yakiwa baridi, kiberiti kitazima. Meli iliyoyabeba ilikuwa na nafasi nzuri ya kupasuliwa bila kulipuka, na watu wake wakapata muda wa kuteremsha mashua. Kwenye Minister Wedel na Albert L. Ellsworth hakufa mtu hata mmoja, ingawa meli zote mbili zilipotea.

Mabaharia wengine walisema afadhali kupigwa ukiwa umejaa kuliko ukirudi mtupu, na kwa petroli walikuwa na hoja. Tangi lililopigwa pampu hadi chini limevuta hewa ndani huku kuta zake bado zimelowa, na hapo ndipo mchanganyiko unapoangukia kati ya ile 1.4 na 7.6. Kwa hiyo safari ya kurudi ilikuwa na kazi yake: kunyonya mabaki kwa pampu ndogo, kuosha kuta kwa maji ya bahari ya moto yanayorushwa na bomba linalozunguka, kufungua vifuniko, kisha kusimamisha mfereji wa turubai ulioelekezwa kwenye upepo na kuushusha hadi sakafu ya tangi, ili hewa mpya iusukume mvuke nje kutoka chini. Ukiuacha mfereji uishie katikati, mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa, utabaki umelala chini. Ni kosa la mita chache tu, na limeua watu.

Je, watu walikuwa na silaha gani dhidi ya moto huo? — Msomaji, Dodoma

Mvuke wa boila uliopitishwa kwa mabomba hadi ndani ya kila tangi ili kuifukuza hewa, povu la kufunika mafuta, na maji ya pampu ya kupoza sitaha. Udhaifu wake ni mmoja: vyote vilitegemea mabomba yaliyolala juu ya sitaha na boila iliyo nyuma. Mlipuko uliolipasua tangi ndio huohuo uliokata bomba la kuzimia.

Baba yangu alikuwa baharia na alinifundisha kwamba ukiruka chomboni ruka upande wa goshi. Je, hata meli ikiwaka? — Msomaji wa kike, Unguja

Dada, baba alikufundisha sawasawa, na meli ikiwaka ndiyo zaidi. Meli isiyo na injini husukumwa na upepo, tena kwa kasi kuliko mtu anavyoogelea. Aliyeruka demani, upepo unakokwenda, meli humjia juu, na mafuta yanayowaka humfuata. Aliyeruka goshini, upepo unakotoka, meli humwacha na moto huenda nao. Kisha aogelee kuukabili upepo.

Ikiwa pande zote maji yanawaka, maelekezo ya wakati ule yalikuwa kuzama chini ya moto na kuogelea chini kwa chini, na kabla ya kuvuta pumzi kuyapiga maji kwa mikono kwa nguvu juu ya kichwa ili kufungua upenyo. Hilo haliwezekani kwa aliyevaa jaketi la kuelea. Huo ulikuwa uamuzi mzito kwa mtu kuuamua ndani ya sekunde mbili: jaketi lingemfaa kesho yake, lakini sasa hivi linamzuia kuzama.

Mafuta mazito, ambayo tumesema hayawaki upesi, yalikuwa na ubaya wake majini. Hugandamana usoni, huziba macho, na yakimezwa au kuvutwa mapafuni hudhuru hata baada ya mtu kuokolewa. Waliookotwa walisafishwa macho na midomo kwanza, kabla ya kupewa chochote.

Mashua za kuokolea ziliboreshwa vita vilipoendelea. Kufikia katikati ya vita kila mtu aliwekewa maji kidogo zaidi ya lita 3, na vyakula vya aina nne, kila kimoja kama gramu 400: biskuti, nyama kavu iliyosagwa na mafuta, chokoleti, na vidonge vya maziwa. Biskuti zilikuwa ngumu kumeza kwa mtu mwenye kiu. Vidonge vya maziwa vilisifiwa. Jaketi lilifungwa taa ndogo nyekundu, na taa hiyo iliokoa watu wengi kwa bei ndogo sana. Ubavuni mwa mashua walipigilia vyuma vya kuteleza, kwa sababu meli ikilala upande mmoja, mashua ya upande ulioinuka hukwaruza ubavu wa meli na kukwama kwenye misumari ya bamba. Kulikuwa pia na maboya makubwa ya mbao yaliyoegemezwa kwenye kamba za mlingoti, yakifunguliwa kwa kupiga kishikio kimoja tu. Kwenye meli ya mafuta yalikuwa na thamani ya pekee, kwani mashua za upande unaowaka hazifikiki.

Kuna meli yoyote ya petroli iliyopigwa, ikawaka, na bado ikafikisha mzigo? — Msomaji, Kampala

Ipo: San Demetrio, tani za grosi 8,073, ikiwa na tani 11,200 za petroli ya ndege kutoka Aruba. Ilikuwa katika msafara wa HX 84 kutoka Halifax, uliokuwa na meli 37. Tarehe 5 Novemba 1940 manowari ya Kijerumani Admiral Scheer iliukuta msafara huo. Mlinzi pekee, Jervis Bay, chini ya Kapteni Edward Fegen, iliielekea moja kwa moja ijapokuwa mizinga yake haikufika hata karibu na ile ya adui. Ilizamishwa, lakini muda ule ndio uliozipa meli nyingi nafasi ya kutawanyika gizani.

San Demetrio ilipigwa makombora, ikawaka, watu wakaiacha. Mashua moja yenye watu 16, chini ya afisa wa pili Arthur Hawkins na mhandisi mkuu Charles Pollard, iliikuta tena bado ikiwaka. Tarehe 7 Novemba wakapanda. Daraja lilikuwa majivu: hakuna dira, hakuna ramani, hakuna redio. Makombora yalitoboa sitaha, na kila meli ilipoyumba petroli ilitapika kutoka kwenye matundu hadi walipoyaziba. Wakazima moto uliobaki, Pollard akaiwasha injini, wakaongoza kwa usukani wa akiba wa nyuma wakikisia mwelekeo. Tarehe 16 Novemba waliingia mto Clyde, Scotland, na karibu mzigo wote ukiwa ndani. Mmoja wao alikufa njiani kwa majeraha. Mahakama iliwapa tuzo ya uokoaji ya pauni 14,700.

Kwa nini haikulipuka? Kombora hutoboa kwa juu, halipasui tangi zima chini ya maji kama topido, na matangi yalikuwa yamejaa. Ile hesabu ya fundi wa Mombasa. Meli yenyewe ilizamishwa na U-404 karibu na pwani ya mashariki ya Marekani tarehe 17 Machi 1942, safari hiyo ikiwa peke yake, bila msafara.

Na huku kwetu Bahari ya Hindi? — Msomaji, Lamu

Admiral Scheer ileile ilikuja huku. Tarehe 20 Februari 1941, magharibi mwa Shelisheli, iliikamata meli ya mafuta British Advocate, ikaitia mabaharia wake na kuipeleka hadi Bordeaux, Ufaransa, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani.

Ya pili ni British Loyalty, tani 6,993, na kisa chake ni kirefu kuliko cha meli nyingi. Tarehe 30 Mei 1942 ilipigwa bandarini Diego Suarez, kaskazini ya Madagaska, na nyambizi ndogo sana ya Kijapani iliyoingia kuitafuta manowari Ramillies. Ilizama bandarini, ikainuliwa, ikapelekwa Addu, kusini kabisa ya Maldivi, kuwa ghala la mafuta. Huko, tarehe 9 Machi 1944, U-183, yenyewe ikiwa nje ya bandari, iliipiga tena kwa topido iliyopita kwenye upenyo wa nyavu za kinga. Mwaka 1942 na 1943 Kilindini, Mombasa, ilikuwa kituo kikubwa cha manowari za Uingereza, kwa hiyo mafuta ya Addu na yale ya Kilindini yalikuwa ya kazi moja. Meli ilizamishwa kwa makusudi mwaka 1946 na sasa wazamiaji huitembelea.

Babu wa mke wangu alipotea katika meli ya mafuta ya Uingereza. Tuna jina lake na jina la meli tu. Tuanzie wapi? — Msomaji, Birmingham

Jina la meli linatosha kuanzia, ila hakikisha ni meli ileile, kwa kuwa majina yalirudiwa. Kinachoitofautisha meli ni namba yake rasmi ya usajili, na hiyo utaipata katika daftari la meli la Lloyd's la miaka hiyo. Ukishaipata, nenda Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Faili za BT 389 ni kadi za mienendo ya meli, bandari kwa bandari. BT 381 ni orodha za wafanyakazi wa meli za miaka ya vita. ADM 199 ni taarifa za misafara, na mara nyingi ndani yake mna maelezo ya manahodha waliookolewa. Soma kadi ya mienendo kwanza, maana ndiyo itakayokupa namba ya msafara, na bila namba hiyo utapotea ndani ya ADM 199.

Mabaharia wa biashara wasio na kaburi wameandikwa kwenye mnara wa Tower Hill, London, chini ya jina la meli yao. Lakini hapo wengi hukwama. Mabaharia kutoka Bara Hindi waliandikwa kwenye kumbukumbu za Bombay na Chittagong, na Wachina ile ya Hong Kong. Wapiga mizinga waliopandishwa melini walikuwa watu wa jeshi la maji au la nchi kavu, kwa hiyo wako kwenye minara ya majeshi hayo, si Tower Hill. Kama babu hayumo chini ya meli yake, usihitimishe kwamba alisahauliwa. Tafuta kwa jina pekee katika tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, bila kutaja meli, na ujaribu tahajia mbili tatu. Makarani waliandika majina ya kigeni kama walivyoyasikia.

Tarehe nazo zisikutishe zikipishana kwa siku moja. Nyambizi ziliandika kwa saa za Ujerumani na meli kwa saa zake, na pigo la usiku wa manane huangukia siku mbili tofauti kwenye karatasi mbili zilizo sahihi.